Mtu mwepesi wa hasira: hamaki, harara, hasira za karibu. Lipi litumike wapi?

Mhariri_Moro

Wakuu, salaam.

Ninahariri kijitabu cha mafunzo kwa wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, yale ya ngazi ya kata. Sura moja inaeleza namna ya kuzungumza na watu wa tabia mbalimbali wanapofika mbele ya baraza, na mwandishi ameandika "mtu mkali" kila anapomtaja mtu anayekasirika upesi. Naona neno hilo halimfikii mtu anayekusudiwa, ila sijapata la kuweka mahali pake.

Natafuta neno au kifungu chenye sifa tatu. Litaje tabia ya kudumu, si hasira ya siku moja. Lisiwe tusi, kwa kuwa mjumbe anaweza kulitamka mbele ya mhusika mwenyewe. Na lieleweke Mwanza kama linavyoeleweka Pemba.

Hadi sasa nimekusanya "hamaki", "harara", "hasira za karibu", "mwepesi wa hasira", na mahali pamoja nimeona "mhamaki". Naomba mnifafanulie tofauti zake, yanavyokaa katika sentensi, na makosa ambayo watu huyafanya nayo.

Mwl_Ngeli

Ndugu Mhariri, "mkali" liondoe bila kusita. Ukali unapima nguvu ya kitu, haupimi kasi yake. Tunasema kisu kikali, jua kali, pilipili kali, na kwenye mageti ya watu imeandikwa "mbwa mkali". Mwalimu mkali anaweza kumaliza muhula mzima bila kukasirika hata mara moja. Ukali wake uko kwenye masharti na adhabu. Tena kwa vijana wa leo "mkali" ni sifa njema: mkali wa hesabu, mkali wa kudansi. Mjumbe akisoma "mtu mkali" ana njia tatu za kuelewa, na mbili kati ya hizo zinampoteza.

"Mwenye hasira" nalo lina kasoro ya wakati. Ukisema "yule bwana ana hasira", wasikilizaji wengi wanaelewa kwamba amekasirika sasa hivi na huenda kuna mtu kamkosea. Ukitaka tabia, tumia -a unganifu: "mtu wa hasira". Ni muundo uleule wa "mtu wa maneno mengi", "mtu wa fitina", "mtu wa watu". Hapo hakuna anayeuliza "kakasirishwa na nani?" kwa sababu sentensi haizungumzii tukio.

Sasa "hasira za karibu". Mimi ningekushauri hili liwe neno lako kuu, na sababu ziko ndani ya sarufi yake. Neno "hasira" liko ngeli ya I-/ZI-, umoja na wingi vina umbo moja. Kinachotofautisha ni upatanisho. "Hasira yake" ni ile moja, ya jambo fulani. "Hasira zake" ni zile anazokuwa nazo, zinazokuja na kuondoka. Ndiyo maana watu husema "ana hasira za karibu", wala huwasikii wakisema "ana hasira ya karibu". Wingi ule ndio unaobeba maana ya mazoea. Na "karibu" hapo inataja umbali kati ya kosa na hasira: kwa mtu huyu umbali ni mfupi. Haimshutumu kwamba ni mbaya, haisemi kwamba hupiga, haisemi kwamba ana chuki. Inataja umbali tu. Kwa kijitabu cha usuluhishi hiyo ni faida kubwa.

"Mwepesi wa hasira" ni sahihi na ni fasaha, ila lina harufu ya maandiko. Biblia ya Kiswahili ya Union Version (1952), Mithali 14:29, inasema: "Asiye mwepesi wa hasira ana fahamu nyingi, bali mwenye roho ya hamaki hutukuza upumbavu." Kwa hiyo wasomaji wengi Wakristo wanalijua tangu utotoni, na hata asiyelisoma humo analielewa mara moja. Angalia mambo mawili unapolitumia:

Kwanza, -epesi inafuata mtu, haifuati hasira. Mtu mwepesi wa hasira, watu wepesi wa hasira, kijana mwepesi wa hasira. Ukiandika "mtu wa hasira nyepesi" umegeuza maana kabisa: hasira nyepesi ni hasira ndogo, isiyo na uzito. Kosa hili linatokea hasa pale mhariri anapojaribu kufupisha sentensi.

Pili, usichanganye na "mwepesi" lililo peke yake. "Mtu mwepesi" asiye na kijalizo, yaani maneno ya kukamilisha kama "wa hasira", huweza kuwa mwenye mwili mwepesi, mwenye haraka ya kazi, au anayeshawishika kirahisi. Kijalizo kisipotee njiani. Ukikirudia mara nyingi kikachosha, badilisha kuwa "mwepesi wa kukasirika", maana haipungui.

"Mhamaki" liache. Kwa kanuni za uundaji wa maneno linaweza kutungwa, lakini watu hawalitamki, na neno ambalo msomaji hajawahi kulisikia halifai katika kijitabu cha mafunzo. Sema "mtu wa hamaki" au "mwenye hamaki". Kuhusu hamaki yenyewe na harara, nawaachia watu wa visiwani, wanayatumia kila siku.

BintiMkunazini

Assalaam aleykum. Mwalimu ahsante. Nianze na hamaki.

Hamaki ni hasira ya ghafla inayomfanya mtu aseme au atende kabla ya kufikiri. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayoitenga na hasira ya kawaida. Mtu anaweza kuwa na hasira akanyamaza, akaondoka, akalala nayo. Aliyehamaki hanyamazi, lazima kitoke kitu, ama neno ama mkono. Asili yake ni Kiarabu, ambako neno hilo linahusu upumbavu, kukosa akili ya kupima jambo. Mtaona mstari ule alioutoa Mwalimu unaziweka hamaki na upumbavu pamoja, na kwa mwenye kujua asili hiyo mstari unakuwa mzito zaidi. Kwa hiyo, ndugu Mhariri, ukimwambia mtu usoni "wewe ni mtu wa hamaki" umemlaumu kidogo. Si tusi, lakini ndani yake kuna lawama ya kutofikiri. "Hasira za karibu" haina lawama hiyo.

Kitenzi chake kina minyambuliko mitatu inayotumika sana. Kuhamaki: "Alipoambiwa habari ya shamba alihamaki." Kumhamakia mtu: "Alimhamakia mkewe mbele ya watoto." Kumhamakisha mtu: "Neno hilo ndilo lililomhamakisha." Watu hupotea kwenye cha pili na cha tatu. Aliyemhamakia ni yule aliyetoa hasira. Aliyemhamakisha ni yule aliyeichokoza. Katika mashauri ya ndoa kubadilisha herufi hizo ni kumhamishia mtu kosa la mwenzake.

Na tafadhali lisichanganywe na "tahamaki". Kutahamaki ni kugundua au kutanabahi jambo kwa ghafla, na hakuna hasira ndani yake: "Kutahamaki, mlango uko wazi na mbuzi hawapo." Nimeona waandishi wakiandika "kuhamaki, mlango uko wazi", na wengine wakimwelezea mtu aliyekasirika kwamba "ametahamaki". Yote mawili si sahihi.

Harara asili yake ni joto. Kwa hiyo lina maana mbili zinazoishi pamoja: vipele vya joto vinavyowatoka watoto shingoni na mgongoni msimu wa kaskazi, na hasira ya upesi. Kinachotenganisha ni maneno yanayozunguka. Mtoto "ametokwa na harara" au "ana harara mgongoni", hapo ni ngozi. "Yule mzee ana harara, mwendee polepole", hapo ni tabia. Anayetumia harara huwa anamwelezea mtu kwa namna ya kumwombea radhi, kama vile joto ni la maumbile yake. Visiwani na mwambao linaeleweka vizuri. Bara, ukiandika "mwenye harara" pasipo maelezo, wengi watafikiria vipele tu, na kwa sharti lako la Mwanza na Pemba litakwama.

Neno lingine ambalo hukulitaja ni ghadhabu. Hilo ni zito. Ghadhabu hutajwa kwa wakubwa: ghadhabu ya Mwenyezi Mungu, ghadhabu ya mfalme, ghadhabu ya mzazi. Mafundisho ya Mtume yanayomkataza mtu kukasirika, sisi huyasikia msikitini kwa neno "usighadhibike". Lakini kumwita jirani anayekasirikia sahani iliyovunjika "mtu wa ghadhabu" ni kumvisha vazi lisilo lake.

Msindima_Bahari

Ongezeni "hasira za mkizi", kwa sababu najua litaingizwa na mtu kwenye kijitabu hicho, na wengi hulitumia vibaya.

Methali kamili ni "Hasira za mkizi tijara ya mvuvi". Wapo wanaosema "furaha ya mvuvi", si mbaya, lakini tijara ni faida ya biashara na ndiyo inayoifanya methali ieleweke. Mkizi ni samaki mwenye mwili mrefu wa mviringo, anayetembea kwa makundi kwenye maji mafupi, mikokoni na midomoni mwa mito. Akizungukwa na wavu au akikimbizwa na samaki mkubwa, huruka juu ya maji, na anaweza kuruka mara kadhaa mfululizo. Wengine huvuka maboya ya wavu wakapona. Wengine huangukia ndani ya chombo, na mvuvi huwaokota bila jasho. Aliyetunga methali aliuona ule mruko kuwa ni wa hasira. Katika baadhi ya vitabu mkizi hufafanuliwa kuwa mnyama wa jamii ya ngisi. Huyo sisi humwita dome, na dome haruki akaingia ngalawani.

Kwa hiyo hasira za mkizi si hasira za haraka tu. Ni hasira zinazomtoa mtu mahali palipo salama na kumtia mikononi mwa anayemtaka. Mfano wa matumizi sahihi: mke na mume wanagombea nyumba, mume anakasirika barazani, anatamka "chukua kila kitu", na karani anaandika. Hizo ndizo hasira za mkizi, kwa sababu yuko wa kufaidika. Mtu aliyekasirika akavunja kikombe chake mwenyewe, hakuna mvuvi pale. Kwa huyo "hasira hasara" inatosha.

Mhariri_Moro

Nashukuru sana, Mwalimu, dada na Msindima. Mume anayesema "chukua kila kitu" nitaomba nimtumie kama mfano.

Naomba niulize kuhusu majirani wa neno hili. Mwandishi wangu anaweka katika kapu moja mgomvi, mshari, mkorofi, mwenye kisirani na mwenye gubu. Je, hao wote ni watu wa hasira za karibu? Na vitenzi vya kueleza namna hasira inavyopanda, nitumie vipi? Yeye ana "amepandwa na jazba" kila ukurasa.

Mwl_Ngeli

Hapana, hao si wamoja, na kwa msuluhishi tofauti zao zina kazi, kwa kuwa kila mmoja anahitaji kuendewa kivyake.

Mgomvi hupimwa kwa matendo: hugombana mara nyingi. Anaweza kugombana akiwa ametulia kabisa, hata kwa kupanga. Mshari ni zaidi yake, anaitafuta shari na kuifuata iliko. Mkorofi ni msumbufu, anayeharibu mambo au utaratibu kwa makusudi, na mara nyingi huwa hana hasira yoyote. Wanaokasirika ni wenzake. Mwenye kisirani ana ugumu wa kukaa na watu: kila jambo kwake lina kasoro, na mambo humharibikia yeye na walio karibu naye. Neno hilo pia lina maana ya nuksi au mkosi, kwa hiyo barazani ni hatari, maana mtu anaweza kusikia kwamba ameitwa mwenye mkosi. Mwenye gubu hulalamika na kunung'unika mfululizo kwa jambo dogo, kutwa, siku hadi siku. Gubu ni kinyume cha hasira za karibu kwa upande wa muda: hasira za karibu hulipuka, gubu hutambaa.

Kipimo changu kwa mhariri ni sentensi moja: "Hakukusudia, lakini..." Weka kila neno mbele ya sentensi hiyo uone kama linakubali. "Ana hasira za karibu; hakukusudia, lakini alitamka." Inakaa. "Ni mshari; hakukusudia, lakini..." Inakataa, kwa sababu mshari hukusudia. "Ni mtu wa hamaki, hakukusudia, lakini..." Inakaa. "Ni mkorofi, hakukusudia..." Inakataa tena. Yale yanayokubali ni ya tabia ya hasira. Yanayokataa ni ya tabia ya nia.

Kuhusu vitenzi, "jazba" si kila mahali. Jazba ni msisimko unaomchukua mtu, na asili yake iko karibu na kuvutwa au kuzama katika hisia, hata za ibada. Tunaitumia kwa mshabiki uwanjani, mhubiri, mwanasiasa jukwaani, umati wa watu. Mtu anaweza kuwa na jazba na asiwe na hasira. Mke aliyekasirika kwa kuwa hela ya ada imenywewa hajapandwa na jazba. Amekasirika.

"Kupandwa na mori" ni hasira iliyo tayari kupigana. Mori ni wa vita. Tumia pale tu ambapo kuna hatari ya mtu kumshika mwenzake. "Kupandwa na munkari" ni hasira iliyovuka mpaka, mtu hasikii la kuambiwa. Haya mawili yanafaa katika hadithi. Katika kijitabu cha mafunzo ningeyabana sana.

Kwa matumizi ya kawaida una vitenzi vizuri vya nyumbani. "Kuja juu": alipoulizwa tu, akaja juu. Hiki ndicho kitenzi kinachomfaa zaidi mtu wa hasira za karibu, kwa sababu kinaonyesha kasi na sauti bila kutaja vurugu. "Kuwaka" ni sawa na hicho ila kina moto zaidi. "Kufoka" ni kusema kwa ukali na sauti kubwa, na hutumika pia kwa chungu kinachofurika juu ya moto. Ukimfokea mtu, kuna aliyepokea maneno hayo. "Kufura" ni tofauti: aliyefura amevimba kwa hasira na huenda hajasema neno. Mjumbe akiona mtu amefura, bado ana nafasi. Akifoka, nafasi imepita. Ningekiweka hicho katika kijitabu chako kama maelekezo.

Tudor_Kazkazi

Salamu kutoka Mombasa. Machache kuhusu upande wa Kenya, ikiwa kijitabu kitavuka mpaka.

"Hasira za mkizi" huku lipo sana, hasa katika insha za wanafunzi, na mara nyingi limekuwa pambo tu, kama alivyosema Msindima. "Kupandwa na mori" pia ni la kila siku huku kuliko Tanzania; kwa Mkenya wa kawaida halina uzito mkubwa wa vita, linaweza kuwa hasira kubwa tu.

Neno jipya la kuangalia ni "makasiriko". Limeundwa kwa njia halali kabisa ya Kiswahili, kutoka kukasirika, kama mahangaiko kutoka kuhangaika. Lakini mitandaoni limepata maana yake lenyewe: "wacha makasiriko" huambiwa mtu anayechukia jambo lisilomhusu au anayejibu kwa uchungu pasipo sababu. Kwa hiyo mjumbe akimwambia kijana "naona una makasiriko", kijana atasikia kwamba malalamiko yake yamedharauliwa. Lisitumike barazani hata kama limezoeleka.

Jingine: kwa wazee wa mwambao wa huku "kuchukia" bado ni kukasirika. "Baba amechukia" ni baba amekasirika, atapoa. Kijana wa bara akisikia hivyo hufahamu kwamba baba anamchukia mtu. Ukimnukuu mzee aliyesema "nilichukia", mwulize alimaanisha lipi kabla hujaandika.

Mkalimani_Mahakamani

Habari zenu. Niseme la upande wa mashauri, kwa kuwa yanayoanzia mabaraza huweza kufika mahakamani, na maneno yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu husafiri nayo.

Kosa ninaloliona lina madhara zaidi kuliko yote mliyotaja ni kubadilisha tabia kuwa tukio, au tukio kuwa tabia. Shahidi anasema, "Mume wake ni mtu wa hamaki." Karani anaandika, "Mume alihamaki." Sentensi ya kwanza inaeleza mwenendo wa miaka, ya pili inadai jambo lilitokea siku hiyo. Shahidi hakusema hilo. Na kinyume chake: "alinijia juu Jumapili" ikiandikwa "ana hasira za karibu", mtu amepachikwa tabia kwa kosa la mara moja.

Sababu ya kuwa makini iko kwenye sheria yenyewe. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, vifungu vya 201 na 202 vinahusu mtu aliyeua kwa ghadhabu ya ghafla kutokana na uchokozi wa ghafla, kabla hajapata muda wa kupoa. Kosa linashuka kutoka kuua kwa kukusudia hadi kuua bila kukusudia. Kenya inayo karibu maneno hayohayo katika vifungu vya 207 na 208 vya Kanuni yake, Sura ya 63. Kipimo kinachotumika ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa: je, mtu huyo angepoteza uwezo wa kujizuia kwa uchokozi ule? Hivyo kusema "yeye ndivyo alivyo, ana hasira za karibu" hakumsaidii mshtakiwa kama ndugu zake wanavyodhani. Sheria inatazama uchokozi na muda, haitazami wepesi wake wa kukasirika.

Kwa tafsiri, mimi hutenganisha hivi: tendo la anayechokoza ni "uchokozi" au "kughadhibishwa", hali ya aliyechokozwa ni "ghadhabu ya ghafla", na tabia ya kudumu ni "wepesi wa hasira". Matatu hayo yasibadilishane nafasi.

Kwa kumbukumbu za baraza, ushauri wangu ni kwamba majina ya tabia yabaki kwenye mafunzo, yasiingie kwenye muhtasari wa kikao. Muhtasari uandike kilichoonekana na kusikika: alisimama, alipandisha sauti, alipiga meza, alitoka nje na kurudi baada ya nusu saa.

Mwana_Bukavu

Jambo kwenu wote. Kwa wasomaji wa Kongo mashariki: kwetu neno la kawaida la hasira ni "kasirani". "Ako na kasirani" ni amekasirika, na "mtu wa kasirani" ni yule mnayemzungumzia hapa. Halina ubaya wowote, hata kanisani linatumika.

Mkongo akifika Dar es Salaam au Mombasa akasema "mama ana kasirani", wenyeji husikia "kisirani" na kudhani amemtukana mama yake. Na sisi tukisikia "ana kisirani" tunadhani ni matamshi tu ya kasirani. Katika kata zinazopokea watu waliotoka kwetu, Kigoma kwa mfano, mjumbe akisikia neno hilo aulize kwanza. Herufi moja ndiyo inayoyatenga.

Mhariri_Moro

Nimeandika upya aya ya kwanza kwa kufuata mliyosema. Naomba jicho lenu kabla sijaipeleka kwa mwandishi:

"Baadhi ya wanandoa wana hasira za karibu. Huja juu kwa jambo dogo na kutulia upesi. Mjumbe asimjibu mtu wa namna hii akiwa amehamaki. Amwache amalize, ampe maji ya kunywa, kisha arudie swali lilelile kwa sauti ya kawaida."

BintiMkunazini

Nzuri. Ila "akiwa amehamaki", nani? Kama ilivyo sasa inaweza kuwa mjumbe ndiye aliyehamaki. Itangulize: "Mtu wa namna hii akihamaki, mjumbe asimjibu papo hapo."

Mwl_Ngeli

Naafiki sahihisho la dada. Mimi ningegusa pia "na kutulia upesi". Hasira za karibu zinaeleza zinavyokuja, hazielezi zinavyoondoka. Wapo wanaokuja juu mara moja na kutulia mara moja, mithili ya moto wa mabua, na wapo wanaokuja juu mara moja kisha wakaweka kinyongo kwa miezi. Mjumbe akifundishwa kwamba wote hutulia upesi, atafunga shauri akidhani limekwisha. Andika: "Huja juu kwa jambo dogo. Wengine hutulia upesi. Wengine hunyamaza wakabaki na kinyongo." Halafu sehemu ya maji na kurudia swali iwahusu wa kwanza, na kwa wa pili uongeze kikao cha kufuatilia, siku nyingine, kabla ya kuandika kwamba wamepatana.